Dresa Aliyepima Masikio kwa Saa

Alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya mtu. Ungekuwa umeketi kwenye benchi la wodi ya kifua, unaota jua la asubuhi, na bila kusikia hatua zake ungehisi kitu cha baridi kando ya sikio. Ilikuwa saa yake ya mkononi, ameivua na kuishika kwa vidole viwili. "Unasikia?" angeuliza. Ukisema ndiyo, angeisogeza mbali shibri moja. "Na sasa?" Angeendelea hivyo mpaka useme hapana, kisha angepima umbali kwa jicho, aandike katika daftari lake, ahamie sikio la pili. Wagonjwa wapya walidhani ni mchawi. Wale wa zamani waliwatuliza: "Mwache. Huyo ni Dresa. Anasikiliza masikio."

Sote tulimwita Dresa, hata daktari mwenyewe. Miaka hiyo madresa walikuwa wengi, watu wa kufunga vidonda na kupiga sindano, lakini kwetu ukisema Dresa bila kuongeza neno ulimaanisha yeye. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya mbao na mabati, juu ya mji wa Nakuru upande wa Menengai, na ilihudumia watu wa mashamba ya wazungu. Haipo tena, mabati yaliuzwa na mbao zikawa kuni. Mimi nilikuwa mtu wa maabara. Hilo lilikuwa jina kubwa kwa chumba kimoja chenye darubini, taa ya spiriti na rafu ya chupa za mkojo. Baba yangu aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka magharibi, nami nilisoma kiasi cha kuaminiwa na darubini. Nilifanya kazi na Dresa karibu miaka yote ya hamsini, na nyumba zetu zilipakana ukuta. Kama kuna mtu anayepaswa kumweleza, ni mimi. Kama kuna mtu asiyepaswa, ni mimi pia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi ya makaa mpaka ikasimama yenyewe. Viatu vyake sikuwahi kuviona vichafu. Mji wetu una vumbi jeupe linaloinuka ufukweni mwa ziwa upepo ukivuma, linaingia hata kwenye unga, lakini yeye alifika kazini na viatu vyeusi vinavyong'aa, na nikagundua siri yake baada ya miaka: alitembea pekupeku, viatu ameviweka ndani ya mfuko, akavivalia langoni. Nilipomcheka hakukasirika. "Mgonjwa akilala," alisema, "kitu cha kwanza anachoona nikija ni viatu. Akiona viatu vichafu, atafikiri na sindano ni chafu."

Mtu huyohuyo aliyepiga sindano maelfu aliogopa sindano. Ulipofika mwaka wa kuchanjwa ndui, wafanyakazi wote tulipanga foleni, naye hakuonekana. Tulimkuta katika stoo ya mashuka, amekaa juu ya marobota, jasho linamtoka. Alichanjwa huku ameshikwa mkono na mpishi wa kike, amefumba macho, na kwa wiki nzima wagonjwa walimwuliza kwa upole kama mkono bado unauma. Alijibu kila mmoja kwa heshima kwamba ndiyo, unauma.

Na huyu aliyewakemea watu kwa kumeza dawa ovyo alikuwa akitafuna vidonge vya kichwa kama karanga. Alikuwa navyo katika mfuko wa shati, vimefungwa kwa karatasi. Asubuhi viwili, mchana viwili, jioni nilisikia kupitia ukuta akimimina maji kikombeni. Nilipomwambia, "Dresa, hivyo navyo ni dawa," alijibu, "Najua. Lakini kichwa nacho ni kichwa." Hivyo vidonge alianza kuvila baada ya yule mama wa Ndabibi, nitakayemfikia. Kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akilalamika kichwa.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa mluzi. Wagonjwa hawakuwa na saa, walijua wakati kwa mluzi wa Dresa: ukianzia kwenye veranda, ni wakati wa sindano, ukisikika nyuma ya jiko, ni chai. Na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakuruka sindano hata moja. Mvua inyeshe, lori la maji likose kufika, apigwe na malaria mwenyewe, dozi ya mgonjwa ingefika kwa saa yake. Wakati huo dawa ya streptomaisini ilikuwa bado mpya kwetu. Watu wa kifua kikuu ambao zamani tungewarudisha nyumbani wakafe walikuwa wakinenepa mbele ya macho yetu. Dresa aliibeba ile dawa kama mtu anayebeba mtoto aliyezaliwa baada ya kungojewa sana. Alisema, "Mungu amechelewa lakini amekuja na sindano."

Yule mama alitoka Ndabibi, ng'ambo ya Ziwa Naivasha. Mumewe alikuwa mkamuaji wa ng'ombe katika shamba la mzungu. Alimwacha mtoto wa miezi saba kwa mama mkwe akaja kwetu akikohoa damu. Kwa hali ile ungetegemea mtu wa kunyamaza, lakini alikuwa mzungumzaji wa ajabu. Alisimulia habari za ng'ombe wa shambani kila mmoja kwa tabia yake, mpaka wodi nzima ikawajua kwa majina. Asubuhi uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho. Tulisema ni usingizi.

Kanuni ilikuwa kwamba mgonjwa kabla hajaanza dawa ile, mkojo wake upimwe. Unamimina kidogo katika kichupa chembamba, unakishika juu ya taa ya spiriti mpaka kichemke, unatia tone la siki. Ukibaki safi, figo ni nzima. Ukigeuka mweupe kama ute wa yai uliopikwa, figo zinavuja, na daktari lazima aambiwe. Kazi ya kubeba chupa kutoka wodini ilikuwa ya Dresa. Kazi ya kuchemsha ilikuwa yangu.

Ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari, wakati serikali ilipowakamata Wakikuyu kwa kuwashuku uasi. Wahudumu wetu wengi walikuwa Wakikuyu, na asubuhi moja lori lilikuja langoni likaondoka nao. Tuliobaki tulifanya kazi ya watu watatu kila mmoja. Daktari aliitwa kambini huku na huku, akawa anatuachia amri kwenye karatasi. Siku chupa ya yule mama ilipofika kwangu, rafu ilikuwa imejaa chupa za siku tatu, na debe la spiriti lilikuwa tupu tangu juzi. Niliziangalia zile chupa. Nilichukua kalamu, nikafungua kitabu, na kwenye mstari wa kila jina nikaandika neno moja: safi. Kisha nikazimwaga zote na kuziosha. Nilijiambia kwamba wengi wao huwa safi.

Amri ya daktari ilisema gramu moja kila siku. Dresa akapiga gramu moja kila siku.

Wiki ya tatu yule mama alimwambia, "Dresa, masikio yangu yanalia. Kama nyenje wakati wa jua kali."

"Ni homa, mama. Itapita."

"Na nikisimama, nyumba inazunguka."

"Ni nguvu za mwili zinarudi. Vumilia. Hatutaruka hata siku moja."

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu. Nilikuwa nimekuja wodini kuchukua makohozi. Nilimwona akitembea kwa kushika vitanda, kitanda hadi kitanda, na Dresa akimshika mkono kumpeleka kwenye kiti cha sindano, kwa upole kama mtu anayemvusha mama yake mto.

Halafu ikaja asubuhi moja. Dresa aliingia akipiga mluzi, wagonjwa wote wakageuka mlangoni kama kawaida yao, na yule mama peke yake hakugeuka. Alikuwa ameketi, mgongo kwa mlango, anasuka nywele za mwenzake. Dresa akaacha mluzi. Akamwita kwa jina. Akasogea, akasimama nyuma yake hasa, akamwita tena kwa sauti ya kawaida, kisha kwa sauti kubwa. Yule aliyekuwa akisukwa ndiye aliyemgusa goti kumwonyesha kwamba kuna mtu. Mama akageuka, akatabasamu, akasema kwa sauti ya juu mno, "Leo Dresa hukupiga mluzi."

Daktari aliporudi alituita sote wawili katika maabara. Alikuwa mzungu wa makamo, mtu wa haki kwa kadiri ya siku zile, na Kiswahili chake kilikuwa cha mashamba. Alichukua mkojo mpya wa yule mama akauchemsha kwa mkono wake. Kabla hata ya siki, ukageuka mweupe na kuganda.

"Figo yake naharibika zamani," alisema. "Hii dawa natoka kwa njia ya figo. Kama figo nafunga, dawa ya jana nabaki, ya leo nakuja juu yake, ya kesho juu yake. Nakuwa sumu. Nakula masikio." Akavuta kitabu changu, akapitisha kidole mpaka kwenye mstari. "Lakini kitabu nasema safi."

Chumba kilikuwa kidogo. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nimeshika taa.

"Iko mama mbili jina moja katika wodi," daktari alisema, akimtazama Dresa. "Wewe nabadilisha chupa."

Dresa alifikiri. Ninaweza kuapa kwamba alifikiri kweli, akirudi nyuma siku kwa siku kutafuta asubuhi ile. "Huenda, Bwana Daktari," alisema mwishowe.

"Huenda?"

"Mimi ndiye niliyezibeba. Hakuna mwingine aliyezishika."

Nilikuwa na muda wa kusema. Watu husema mambo kama haya hutokea ghafla, lakini si kweli. Muda ulikuwepo, mrefu, na nilisikia ulimi wa taa ukicheza. Daktari alifunga kitabu. Alisema kwamba hata yeye ana kosa, kwamba aliandika amri akaenda zake, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuisimamisha. Lakini Dresa aliondolewa kwenye sindano, akapelekwa kufunga vidonda mpaka msimu wa mvua ukapita. Mimi nilisifiwa kwamba kitabu changu kinaandikwa vizuri.

Yule mama alibadilishiwa dawa akapewa vidonge. Kifua kilipona. Figo zilitengemaa kidogo. Masikio hayakurudi. Siku ya kuondoka, mama mkwe alikuja kumchukua, mtoto mgongoni. Mtoto alilia kwa njaa pale kwenye veranda, akalia mpaka sauti ikakauka, na mama yake alikuwa hatua tatu kutoka pale, ameinama, anafunga kifurushi chake bila haraka. Dresa alikuwa mlangoni na beseni la bandeji. Aliweka beseni chini akaondoka, na sikumwona tena siku ile.

Mluzi uliishia hapo. Aliporudishwa kwenye sindano aliingia wodini kimya, na ndipo desturi ya saa ilipoanza, na ile nyingine ya kuwatembeza wagonjwa juu ya ufa wa sakafu wakiwa wamefumba macho, aone kama wanayumba. Alianza pia mambo ya nyuzi. Alinunua uzi wa sufu wa rangi nyingi katika duka la Mhindi, na kila mgonjwa aliyetoa mkojo alifungwa uzi kifundoni, na chupa yake ikafungwa uzi wa rangi ileile, fundo lilelile. Wagonjwa walipenda, walilinganisha rangi kama wasichana. Mimi sikuweza kuziangalia. Kila chupa iliyofika mezani kwangu ilikuja na ushahidi shingoni.

Na akawa anakuja mwenyewe. Kila asubuhi alisimama kando ya taa yangu mpaka chupa ya mwisho ichemke, mikono nyuma. Nilipima kila tone. Tangu siku ile sijawahi kuandika neno ambalo jicho langu halikuliona. Lakini nilijiambia: anajua. Amekuja kunilinda kama mwizi anavyolindwa. Nilingoja aseme, mwaka ukapita, na mwingine, na yeye alisema tu, "Ahsante, ndugu," akachukua karatasi yake akaenda.

Wadogo waliokuja kujifunza aliwaambia mambo mawili, na kila aliyepita mikononi mwake anayajua. La kwanza: "Dawa haina macho. Haijui nani mgonjwa wala nani amepona. Macho yake ni wewe." La pili: "Kila dawa iingiayo mwilini ina mlango wa kutokea. Kabla hujaiingiza, kagua mlango." Alikuwa akimwuliza kila mgonjwa habari za haja ndogo mbele za watu bila haya: mara ngapi, kiasi gani, rangi gani. Wazee wa heshima waliona wanavunjiwa. Mzee mmoja alimwambia, "Kijana, mimi nimekuja kwa sababu ya kifua. Huko chini unatafuta nini?" Dresa akajibu, "Mzee, natafuta ruhusa."

Nitasimulia la yule mtu wa Sachangwan, kwa sababu ndilo lililonionyesha alikuwa amegeuka nini. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, ameletwa na nyapara wake juu ya lori la magogo. Mguu ulikuwa umekatwa na msumeno wiki mbili nyuma, umeoza, homa inampanda, na mwili mzima umevimba. Daktari wetu alikuwa likizo. Aliyemshikia nafasi alikuwa kijana mgeni, mwenye haraka. Aliandika penisilini na streptomaisini pamoja, za nguvu, zianze mara moja.

Dresa aliinama kwa yule mgonjwa. "Ndugu, umekojoa lini?"

"Jana asubuhi. Kidogo."

"Rangi?"

"Kama chai ya rangi."

Alinileta mimi kitandani na taa yangu, tukachemsha palepale. Ukaganda wote. Dresa akachukua kile kichupa akakipeleka kwa daktari.

"Bwana Daktari, mlango wa huyu umefungwa."

"Nimekupa amri," daktari alisema.

"Nimeisoma. Penisilini nitampa sasa hivi. Hii nyingine sitampa mpaka wewe utazame hiki."

"Wewe unajua udaktari?"

"Sijui. Najua mama mmoja tu."

Nyapara alikuwa amesimama pale, akaanza kumkaripia, nani yeye kumpinga mzungu. Dresa hakuinua sauti. Alitoa ufunguo wa kabati la dawa mfukoni, akauweka mezani mbele ya daktari, akasimama. Wakati ule mtu alifukuzwa kwa chini ya hapo, na cheti chake cha kazi kikaandikwa neno ambalo lingemfungia milango yote ya mji. Yule kijana alitazama ufunguo, akatazama kichupa, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akafuta mstari mmoja kwenye karatasi, na ule wa penisilini akaupunguza, akaweka nafasi kubwa zaidi kati ya sindano na sindano. Akamrudishia Dresa ufunguo.

Yule mtu alipoteza vidole viwili vya mguu. Siku ya kuondoka Dresa alisimama nyuma yake na saa, akaisogeza mpaka mkono wake ukafika mwisho, na bado mtu anasema, "Naisikia." Nilimwona Dresa akikaa chini kwenye kitanda kilichokuwa wazi, jambo ambalo hakulifanya kamwe wakati wa kazi.

Kila likizo yake alipanda treni mpaka Naivasha, na kutoka huko akadandia magari ya maziwa kwenda Ndabibi. Alirudi na vumbi la njia ile na maziwa ya mgando katika kibuyu. Sikuwahi kumwuliza alikofika. Sikuhitaji kuuliza, na niliogopa jibu.

Kuvimba kulimwanzia miguuni. Mwanzo ni viatu, vikakataa kuingia, akavikata kando kwa wembe na kuendelea kuving'arisha. Baadaye uso asubuhi. Baada ya miaka mingi nilisoma kwamba baadhi ya vidonge vya kichwa vya siku zile huzila figo za mtu anayevitumia kila siku. Wakati ule hakuna aliyetuambia. Siwezi kusema ndivyo vilivyomuua. Ninaweza tu kusema alivila kwa sababu gani.

Aliacha kazi kabla ya miaka ya hamsini kwisha, akalala nyumbani, upande wa pili wa ukuta wangu. Jumamosi moja mchana aliniita. Jipu kubwa lilikuwa limemtoka mgongoni na homa ilikuwa kali. Daktari yuleyule aliyepokea ufunguo mezani, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkuu wetu, alikuwa amekuja mwenyewe kumtazama, ameketi kwenye kigoda, kofia magotini. Nilikuwa nimechemsha mkojo wa Dresa asubuhi. Hapakuwa na haja ya kuwasomea, niliwaonyesha tu.

"Mweupe," Dresa alisema, kama anayesoma jina lake.

"Penisilini peke yake," daktari alisema. "Na kwa nafasi."

"Kwa nafasi," Dresa aliitikia.

Daktari akamweleza, labda kwa kumliwaza, kwamba ng'ambo kuna mashine inayoosha damu ya mtu ambaye figo zake zimekufa. Analazwa kando yake saa nyingi, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Hapa haijafika, alisema, na hajui itafika lini.

Dresa alifumba macho. Nilidhani anahuzunika, kumbe anafikiri. "Inaosha damu," alisema. "Na dawa iliyo ndani ya damu?"

"Nyingine nazo zinaoshwa."

"Basi mtu akipigwa sindano kabla ya mashine, amepigiwa mashine. Apigwe baada." Akafungua macho. "Lakini si kila siku. Kati ya mashine na mashine mlango bado umefungwa. Wataandika hilo, hao watu wa huko?"

Daktari alisema wataandika. Alipotoka aliinamisha kichwa mlangoni, na mlango ule haukuwa mfupi.

Tulibaki wawili. Nilikaa kwenye kile kigoda, kikiwa bado na joto. Sijui kwa nini siku ile. Nafikiri ni kwa sababu alikuwa amelala na mimi nimekaa, na hapakuwa na taa kati yetu. Nikamwambia. Kwamba chupa haikubadilishwa. Kwamba spiriti iliisha, nikaandika safi kwa wote, nikamwaga.

Nje jirani alikuwa akitwanga.

"Ulikuwa unajua," nilisema. "Ndiyo maana ulikuwa unakuja kusimama pale."

"Nilikuja kuhakikisha nimekupa chupa iliyo sawa," alisema polepole. "Nilikuwa siamini mikono yangu."

Aliinua mikono yake kutoka kwenye blanketi akaitazama, upande huu na upande huu. Ilikuwa imevimba, ngozi imenyooka. Nilikuwa nimemwogopa miaka yote ile kama mtu anayejua, na yeye alikuwa akiishi na kosa ambalo halikuwa lake, mlango wa pili tu kutoka kwangu, nikimsikia akimimina maji ya vidonge.

"Sindano nilipiga mimi," alisema. "Aliniambia masikio yanalia, nikamwambia ni homa. Hilo ni langu, usilichukue. Lakini la chupa nimemwomba msamaha kila mwaka. Nimemwambia ni mimi. Sasa inabidi uende ukamwambie ni wewe."

"Atanisikiaje?"

"Anasoma midomo. Keti mbele yake, mwanga uwe usoni pako, usiweke mkono mdomoni. Usipige kelele, haisaidii. Sema maneno machache." Akajisogeza kwa taabu mpaka akanielekea. "Niambie mimi kwanza. Bila sauti."

Nitasema hapa kwamba nilikwenda Ndabibi. Yule mama alinitazama mdomo mpaka mwisho, kisha akasimama, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Mtoto wake wa kike, aliyekuwa sasa msichana mdogo, alinisindikiza mpaka barabarani bila kuuliza kitu. Lakini Dresa hakuuona mwaka uliofuata, na hilo la mlango sikumweleza. Nilimwambia tu kwamba nimefika na nimesema.

Lakini mchana ule wa Jumamosi, kando ya kitanda cha Dresa, niligeuza kigoda mwanga wa dirisha unipige usoni. Nikasema bila sauti: Mkojo wako sikupima. Niliandika uongo. Ni ajabu jinsi mdomo unavyokuwa mzito sauti ikiondolewa; niliuhisi kila mahali unapofunga na kufunguka. Yeye alikuwa ameegemea kiwiko, jasho linamtiririka, macho kwenye midomo yangu.

"Hapana," alisema. "Nimeona 'nilipima.' Rudia."

Nikarudia.

"Mwanzo wa neno unaumeza. Rudia."

Nikarudia, na tena. Mara ya nne alijilaza chini akatazama dari.

"Hapo ataelewa," alisema. "Nenda kesho. Jumapili mumewe huwa nyumbani, na ni vizuri naye awepo."